Baba Aliyejificha Migombani

Ndugu zangu, leo nataka niwasimulie habari za baba mmoja na kijana wake. Msinifuate baadaye kuniuliza ni baba wa kitongoji gani. Huyu ni wa mfano tu. Lakini ukimwona anafanana na wewe, hilo mimi sina la kufanya.

Baba huyu alikuwa mfugaji kule milimani kwenye mvua nyingi, ambako migomba imesongamana mpaka jua linapenya kwa shida. Alikuwa na mke, ng'ombe wachache wa maziwa, na mtoto mmoja, Ambokile. Ambokile alizaliwa na ulemavu wa akili. Maneno yalimtoka mazito, na jambo ambalo wewe ungelishika mara moja, yeye ilibidi alirudie na kulirudia.

Mzee alimpenda mwanawe kupita kiasi. Alimwogesha, alimfunga vifungo vya shati, alimnyoa ndevu. Mmenisikia? Nimesema ndevu. Kijana mwenye mabega mapana kuliko baba yake, anainamiwa kufungwa kamba za viatu! Na watu wote walimsifu: "Yule baba ana moyo." Ni kweli, alikuwa nao. Nani kati yetu angethubutu kumlaumu?

Basi siku moja akafika pale nyumbani mama mmoja, Subilaga, anayefanya kazi katika kituo cha vijana wenye ulemavu, akipita nyumba kwa nyumba. Akakaribishwa chai. Akamwona mzee anampulizia Ambokile chai yake kwenye kikombe.

"Mzee, hawezi kupuliza mwenyewe?"

"Ataungua."

"Amewahi kujaribu?"

Mzee akaendelea kupuliza. Yule mama akaweka kikombe chake chini. "Nisamehe kwa hili nitakalouliza, baba. Siku Bwana akikuita, nani atamnyoa huyu?"

"Mungu atajua mwenyewe."

"Mungu ameshajua. Ndiyo maana amekuacha hai mpaka leo, umfundishe."

Mzee alikasirika. Mgeni gani huyu, anakunywa chai ya watu huku anawatajia kifo? Lakini mgeni alipokwisha kuondoka, hasira ikapoa, swali likabaki. Lilimfuata zizini, likamfuata shambani. Mwisho akamwita mkewe, akamwambia, "Yule mama akirudi, tumsikilize."

Wakaanza na ng'ombe, kwa kuwa Ambokile aliwapenda na wao walitulia mikononi mwake. Subilaga aliigawa kazi vipande vidogo vidogo: leo kuosha chuchu tu, mpaka mkono uzoee, kisha kukamua, kisha kuchuja maziwa. Akawafundisha na wazazi kazi iliyo ngumu kuliko zote hizo, nayo ni kukaa na mikono yao mapajani. Akawakutanisha na wazazi wengine wenye watoto kama wao. Mama Ambokile, ambaye kwa miaka mingi hakwenda hata harusini kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alirudi kutoka kikao cha kwanza anacheka peke yake njiani. "Kumbe tuko wengi," alimwambia mumewe.

Ikabaki kazi moja: kupeleka maziwa kituo cha kukusanyia, ng'ambo ya barabara ya lami, ile inayopitwa na malori ya chai. Mzee alitembea na mwanawe bega kwa bega, akimwonyesha pa kusimama, pa kuangalia, pa kuvukia. Wiki baada ya wiki. Hatimaye Subilaga akasema, "Sasa mwache aende."

Mzee akamwacha. Au tuseme alijifanya amemwacha. Kijana akitoka na ndoo yake, baba anaingia migombani, ananyata nyuma yake, anachungulia kati ya majani. Na majirani nao hawakunyamaza. Mmoja, mzee wa kanisa, alimsimamisha baada ya ibada: "Ndugu, unamtumikisha mtoto mgonjwa? Sisi si tunawaletea sukari na sabuni kila Pasaka?" Baba yule aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Basi asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Mzee yuko migombani kama kawaida yake. Ambokile akafika ukingoni mwa mtaro, karibu kabisa na lami, mguu ukamponyoka. Puu! Chini. Mfuniko ukaruka, maziwa yote yakaingia mtaroni. Watu waliokuwa wakisubiri gari wakashika vichwa. Mmoja akasema kwa sauti, "Baba yake yuko wapi?"

Baba yake alikuwa hapo hapo. Alikuwa ameng'ata kiganja chake asipige kelele. Kila mfupa wa mwili wake ulitaka kukimbia ukamwinue yule mtoto. Alimwona anakaa kwenye tope, analia. Akajisemea, "Imekwisha. Sitamtuma tena."

Ambokile akajifuta machozi kwa mkono wenye tope. Akainuka. Akaokota ndoo, akatafuta mfuniko mpaka akaupata. Mzee akajua sasa atarudi nyumbani. Hakurudi. Alisimama pale alipofundishwa kusimama, akaangalia huku, akaangalia kule, lori likapita, akavuka. Akaingia kituoni na ndoo tupu.

Mzee akavuka mbio, akajibanza nyuma ya ukuta. Akamsikia mwanawe akimwambia karani, neno moja moja: "Leo... yamemwagika. Kesho... nitaleta."

Karani akasema, "Sawa, Ambokile. Pole. Kesho nakungoja."

Basi. Hakuuliza baba yako yuko wapi. Aliongea na mtu wa kazi kama anavyoongea na watu wa kazi. Mzee aliegemea ule ukuta, akalia, na hakujua analia huzuni au furaha. Maana wangapi kati yetu tukimwaga tulichokabidhiwa tunakwenda wenyewe kusema?

Kesho yake Ambokile akakamua, akachuja, akafunga mfuniko. Alipofika mlangoni, akamwona baba yake anavaa viatu. Akaweka ndoo chini.

"Baba, leo ubaki."

"Nibaki? Kwani mimi nakwenda wapi?"

"Unakaa migombani. Kila siku." Kijana akatafuta maneno, mzee akangoja. "Nikikuona umejificha, nafikiri barabarani kuna kitu kibaya. Jana nilikuwa nakuangalia wewe. Ndiyo nikaanguka."

Ndugu zangu! Mnalisikia jambo hili? Yule baba alidhani yeye ndiye ukuta unaomzuia mtoto asianguke. Kumbe yeye ndiye aliyemwangusha.

Mzee akavua viatu. Akakaa kwenye kiti. Tangu siku ile Ambokile anakwenda mwenyewe, na sasa majirani wawili wanampa na maziwa yao apeleke, naye anapokea ujira wake kama mtu mwingine yeyote. Ndevu ananyoa mwenyewe. Hujikata kidogo, ndiyo. Ni nani hapa asiyejikata?

Nasi je? Mimi namheshimu sana baba huyu, kwa kuwa kumbeba mwanawe kulimchosha mgongo tu, lakini kukaa kwenye kile kiti kulimgharimu moyo wote. Namheshimu zaidi yule kijana aliyevuka barabara na ndoo tupu. Lakini sisi, kanisa, tulikuwa wapi? Tulikuwa na sukari mkononi, tunawasema. Wazazi wale walihitaji mtu wa kukaa nao siku ya kwanza ya hofu. Kijana alihitaji kazi, na mtu mmoja wa kumwambia, "Kesho nakungoja."

Wako vijana katika mitaa yetu hii ambao hujawahi kuwaona ndani ya nyumba hii, na wazazi wao wamekaa nao nyumbani kwa kuogopa macho yetu. Wiki hii twende kwao. Ukifika, msalimie kijana mwenyewe. Muulize, "Wewe unapenda kufanya nini?" Kisha nyamaza, umngoje. Jibu linaweza kuchelewa. Usigeuke kumtazama mama yake.