Noti Zilizokunjwa za Nyamhanga

Hamchoki kunisumbua na kisa hiki, na hata chai hamjanipa. Haya, sikilizeni.

Kemunto alitoka Kisii kwenda Musoma kununua dagaa. Mtaji wake wote ulikuwa elfu ishirini za Kenya. Mpakani Sirari alimpa pesa hizo Nyamhanga, mbadilisha pesa mwenye kitambi na gari, naye akamhesabia noti arobaini za Tanzania, za elfu kumi kumi, akipitisha kidole gumba kwenye ncha tu, upesi upesi.

Kemunto akaingia kwa mama ntilie, akazihesabu moja moja. Zilikuwa thelathini. Kumi zilikunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili.

Akaagiza uji, akaunywa wote, ndipo akarudi. Foleni ilikuwa ndefu.

“Kaka, safari imevunjika. Nirudishie pesa za kwetu.”

“Lete nizihesabu, dada.”

“Kwa sauti basi, na vilevile ulivyonihesabia mimi. Au zako zina kasoro?”

Wateja wakageuka.

“Noti zangu hazijawahi kuwa na kasoro,” akasema Nyamhanga, akapitisha kidole chake. “Thelathini na tisa, arobaini. Zimetimia.”

Akamrudishia elfu ishirini, Kemunto akaenda zake.

Foleni ilipokwisha, Nyamhanga akakunjua noti zake. Zilikuwa ishirini tu, zote zimekunjwa. Laki yake moja ilikuwa njiani kwenda Musoma na Kemunto, na hakuweza kumwita mwizi, maana foleni nzima ilimsikia akisema zimetimia.