Darasa la Viti Vitupu

Wahenga hawakuwa na maktaba, lakini chawa walikuwa nao, na funzo walilolipata kwao wametuachia: kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kwamba ziko kazi ambazo mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuzimaliza peke yake. Anayebisha na aisikie habari ya mkutubi mmoja wa chuo kikuu aliyetaka kuikaidi methali hiyo.

Wanafunzi walimpachika jina la Bi Rafu, kwa kuwa angeweza kukuonyesha kitabu kilipo akiwa amefumba macho. Uchungu wake ulikuwa mmoja. Kila mwaka aliwaona vijana wakija maktabani macho yamevimba kwa kilio, tasnifu zao zimekataliwa kwa sababu wamenakili maneno ya watu. Hawakuwa wezi, ila hakuna aliyewafundisha kutafuta habari, kuipima na kutaja ilikotoka. Bi Rafu akatunga somo la kuwafundisha, akalipeleka kwenye seneti ya chuo ili lihesabiwe katika shahada kama masomo mengine. Akajibiwa kwamba masomo hutoka kwenye idara, na maktaba si idara.

Hapo akajitokeza mhadhiri wa historia, mzee mcheshi aliyeitwa Tanbihi, kwa vile hakuweza kumaliza sentensi bila kuongeza maelezo ya pembeni.

"Dada yangu, lilete somo idarani kwetu," alimwambia. "Sisi tuna kiti kwenye seneti. Tutalifundisha pamoja. Na nikisema pamoja, nina maana wewe ndiye utakayefundisha zaidi."

"Mimba nibebe mimi, halafu mama uitwe wewe?" Bi Rafu alimcheka. "Ahsante, Daktari. Nitafundisha mwenyewe. Wakiona matunda, watalikubali tu."

Alifungua darasa katika chumba cha chini cha maktaba, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye harufu ya karatasi kuukuu na taa iliyovuma kama nyuki. Mwanzoni kilijaa pomoni. Kisha mitihani ikakaribia, vijana wakaanza kupukutika.

"Utusamehe, mama," msichana wa mwisho kuondoka alimwambia kwa haya. "Somo ni zuri, lakini halihesabiwi. Nikifeli mengine, nyumbani nitasema nini?"

Alhamisi iliyofuata hakuja mtu. Bi Rafu alisimama mbele ya viti vitupu, moyo ukimuuma, na kwa ukaidi akaanza kufundisha vivyo hivyo. Aliponyamaza ili avute pumzi, akasikia ukurasa ukifunuliwa nyuma ya chumba. Halafu mwingine. Hapakuwa na kitabu wala mtu. Mwili ukamsisimka, lakini, ajabu ya mambo, alifarijika pia. Mtu akishadharauliwa hachagui msikilizaji. Akaendelea kufundisha.

Tangu siku hiyo hakuhangaika tena kutafuta wanafunzi. Kila alasiri alishuka akafundisha, na kila aliponyamaza kurasa zikafunuliwa. Akakonda. Watu wakawa wanapishana naye ukumbini bila kumsalimia, kana kwamba hawakumwona. Tanbihi alimsimamisha kumkumbusha kwamba seneti ilikuwa karibu kukaa, na kwamba somo lisipopita, chumba kile kitageuzwa stoo.

"Niache, Daktari," alijibu. "Wanafunzi wangu wananisubiri."

Siku moja kikao cha wakutubi kilirefuka. Bi Rafu alishuka ngazi mbiombio akakutana na bawabu, ambaye alishtuka hadi funguo zikamwanguka.

"Mama! Umetokea wapi? Si uko chini unafundisha?"

"Nafundisha nini, baba? Ndiyo kwanza natoka kikaoni."

"Usinitanie. Nimekusikia kwa masikio yangu haya, tena muda mrefu. Hebu sikiliza."

Wakasikiliza. Nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ilikuwa ikieleza namna ya kupima habari. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na mizaha yake ileile, na kikohozi chake kilekile katikati ya maneno. Ikanyamaza, na kurasa zikafunuliwa, nyingi kwa pamoja. Bi Rafu akausukuma mlango. Viti vilikuwa vitupu. Ubaoni, kwa mwandiko wake, paliandikwa somo la wiki ijayo, ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, na vumbi la chaki lilikuwa bado linaelea hewani.

Alielewa papo hapo. Chumba kile kilikuwa kimeshamchukua sauti na mwandiko. Kilichobaki ni mwili. Na huko juu vijana walikuwa bado wanalia.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Tanbihi, akaingia bila kubisha hodi.

"Daktari, lile somo lichukue. Liite lako, liite la idara, liite utakavyo. Ila tushuke wote darasani."

"Langu siliiti," Tanbihi alimjibu, akimvutia kiti akae. "Litakuwa la idara, tutalifundisha wawili, na majina yote mawili yatawekwa, lako likitangulia. Na niongeze kidogo tu: mbona umechelewa hivi?"

Idara ya historia ikalifikisha kwenye seneti, likapita. Muhula mpya ulipoanza, chumba kilijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Bi Rafu alieleza namna ya kutafuta, Tanbihi namna ya kutilia shaka kilichopatikana, wakikatizana na kutaniana. Ndipo kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, samahani, hapo sijaelewa. Rudia."

Bi Rafu alibaki na chaki hewani, machozi yakimlengalenga. Muhula mzima wale wa kurasa hawakuwahi kumwuliza swali hata moja. Akamgeukia mwenzake, naye Tanbihi akamwachia ubao; Bi Rafu akarudia pole pole mpaka kijana akaelewa. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.