Tonge la Kwanza la Atupele

Tegeni masikio, mwenye njaa na aliyeshiba, maana hadithi hii inaishia kwenye harufu za jikoni.

Palikuwa na kisiwa, na kisiwani watu watatu wa nyumba tatu. Bi Mize, mkulima wa mwani, alikuwa na jicho: kamba moja ikilegea shambani kwake baharini, aliiona kwa hatua mia. Faki, mvuvi wa pweza na muadhini wa msikiti mdogo, alikuwa na sauti: akiadhini, hata mbuzi husimama. Salhina, mke mpya wa jirani yao, alikuwa na pumzi: alipiga mbizi mpaka wenzake wakaanza kumlilia, kisha akaibuka anacheka.

Likizo moja akaja Atupele, muuguzi kutoka Kyela, aliyejifunza kuogelea Ziwa Nyasa kabla hajajua kusoma. Wazazi walikwisha kufariki, ndugu hakupata. Alikuja na kofia ya mpira ya rangi ya chungwa na nia moja: kuogelea kutoka pwani hadi fungu la mchanga lililo mbele ya kijiji.

"Shikamoo, mama. Maji yanatulia saa ngapi?" alimuuliza Bi Mize.

"Marahaba, mwanangu. Saa nne yanasimama. Hapo hata kuku anaogelea."

Jibu lilikuwa la kweli, la siku ile. Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu, saa nne kamili, Atupele akaingia majini. Ziwa halina kupwa wala kujaa. Angejuaje kwamba bahari huchelewa kidogo kila siku? Na kisiwani hakuna anayeambiwa jambo hilo, watu huzaliwa wanalijua. Saa nne ile maji yalikuwa bado yanatoka kwa nguvu, yakipitia mlango wa mwamba kwenda bahari kuu.

Aliogelea kwa raha tupu. Akainua kichwa, fungu liko kushoto. Akainua tena, liko nyuma. Akaligeukia, akapiga mikono kwa hasira mpaka mabega yakawaka, na fungu likazidi kuwa dogo.

Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Bi Mize aliinua uso kutoka kwenye kamba zake. Wageni wengine pwani waliiona kofia ile wakashangilia, "Tazama anavyokwenda kasi!" Bi Mize aliitazama kidogo tu. "Kile kichwa hakiogelei, kinachukuliwa!" Akavua mtandio, akaupunga kuelekea mwambani, aliko Faki. Asingeona yeye, nani angeona?

Faki alisimama ukingoni mwa mlango na fimbo yake ya pweza. Kuogelea hajui, miaka hamsini anatembea tu juu ya mwamba. Akaweka mikono masikioni kama yuko msikitini. "Weweee! Usishindane na maji! Kata upande! Njoo kwangu!" Atupele akasikia, akaacha kupigana, akaukata mkondo. Asingesikia, angemaliza nguvu zote palepale.

Nguvu zenyewe zilibaki kijiko. Hatua thelathini kabla ya mwamba, msuli wa mguu ukambana, akaanza kumeza maji. Lakini Salhina alikwisha kutimka kutoka pwani tangu mtandio ulipopaa, begani kamba ya chupa tupu, zile zinazofanya mwani uelee. Akajitosa kwenye mlango aliokatazwa tangu utoto. "Dada, kumbatia chupa! Mimi usinikumbatie, tutazama sote!" Akamvuta mpaka mwambani. Asingejitosa, hadithi ingekuwa ya msiba.

Kisiwani kuna desturi. Mtu aliyerudishwa kutoka baharini hali tonge lake la kwanza ila nyumbani kwa aliyemrudisha. Akishalimeza, ni wa nyumba ile: harusi yao yake, msiba wao wake, na akija tena anaingia bila kungoja kukaribishwa. Tonge hilo haligawanywi, na jua la kesho halilikuti: huliwa siku ileile.

Alasiri meko matatu yakawaka. Kwa Bi Mize samaki wa kupaka, kwa Faki pweza wa nazi, kwa Salhina muhogo na dagaa. Wote watatu wakamngojea Atupele njia panda.

"Jicho ndilo lililoanza, mwanangu," alisema Bi Mize.

"Na ile saa nne, nani alimpa?" Faki akamchokoza.

"Nilimpa ya siku ile! Kwani nilijua watu wa ziwa wanaitundika bahari ukutani kama saa?"

"Enhe, na wewe kaka Faki," alidakia Salhina, "domo refu, na hata kikoi hakikulowa."

"Nisingemleta karibu ungemfuata wapi, wewe? Ngazija?"

Atupele alicheka mpaka akashika mbavu zilizokuwa bado zinamuuma. Miaka thelathini na minane, hakuna aliyewahi kugombania kumlisha. "Nikisema ninyi wote, nitakuwa nadanganya," alisema. "Nyumba ni moja."

Jua linashuka, tumbo linanguruma, harufu tatu zinamvuta pua. Na msiniambie achanganye vyungu. Huo ni ujanja, si hukumu. Wala msiniambie alale njaa. Bi Mize aliona, Faki aliita, Salhina alivuta. Mtoe mmoja wao, na Atupele hayupo.

Basi amueni. Kama miguu ile iliyosimama njia panda ingekuwa yako, ungeingia kwa nani?