Bwana Fisi Aonja Pilau ya Bi Kindi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa moshi jikoni!
Na anayepuliza moto ni nani?
Ni wewe, mama! Sisi tunangoja kula!

Haya, wavivu wangu, sogeeni. Na wewe unayekoroma huko nyuma, ukikosa mwanzo usije kuniuliza.

Hapo kale Mzee Nyumbu alikuwa anamwoza binti yake, akamwita Bi Kindi aje kupika pilau. Kajitu kadogo, mkia mkubwa kuliko mwili! Maisha yake yote Bi Kindi alikuwa akiwaoshea wenzake masufuria. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza anashika mwiko kama mpishi mkuu. Pilau ikiharibika, anarudi kusugua masizi mpaka anazikwa.

Sasa, kwao kulikuwa na desturi. Chakula hakitoki jikoni mpaka muonjaji aonje na kutamka, "Imekubali!" Na muonjaji ni nani? Bwana Fisi. Nani alimchagua? Alijichagua mwenyewe, na kwa meno yale, nani wa kumbishia?

Ujanja wake ulikuwa mmoja tu. Akisema imekubali, kuonja kumekwisha. Kwa hiyo hasemi! Anakosoa, analetewa tena. Anakosoa, analetewa tena. Harusi iliyopita alimkosoa Bi Kanga mpaka sufuria ikabaki ukoko. Wageni wakalala njaa, na aliyetukanwa ni Bi Kanga. Mpaka leo, maskini, hajagusa tena mwiko.

Basi Fisi huyo, chopi! chopi! akaingia jikoni.

"Bi Kindi, nionjeshe."

Akachota bakuli zima. Nyam! Nyam! Glu!

"Mmh. Chumvi haijakolea. Rekebisha, uniletee tena."

Bi Kindi akalamba mwiko. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa, mwenyewe anajua. Alitamani amtwange Fisi mwiko wa pua. Akaimeza hasira, akapiga goti.

"Ahsante, bwana, kwa kunikosoa. Ila nikikosea kwenye sufuria hii kubwa nitaharibu yote. Nikupakulie kwenye chungu hiki kidogo, nirekebishe humu humu. Ukikubali, ndipo nifanye vivyo hivyo kwenye sufuria."

"Angalau wewe unajua kusikiliza," akasema Fisi.

Bi Kindi akapakua, akachota chumvi kwa viganja viwili. Mwaa! Fisi akaonja. Nyam... Nyam... Lo! Uso ukamkunjamana. Lakini akisema imekubali, si kuonja kumekwisha?

"Chumvi sawa. Pilipili haisikiki."

"Ahsante, bwana, kwa kunikosoa."

Bi Kindi akamimina bakuli la pilipili ya kusaga. Mwaa! Fisi akaonja. Nyam... Yalaa! Machozi chururu! Masikio yakamsimama.

"Unalia, bwana?"

"Nimemkumbuka marehemu mama. Pilipili sawa. Ndimu je? Ndimu iko wapi?"

Jamani, uroho huu! Si angenyamaza tu?

"Ahsante, bwana, kwa kunikosoa."

Ndimu zikakamuliwa, chwii! chwii! chwii! mpaka wali ukaogelea. Fisi akaonja. Nya... Ulimi ukatoka nje, ukakataa kurudi.

Hapo Mzee Nyumbu akaingia, wageni nyuma yake, matumbo yao yakinguruma.

"Vipi, muonjaji? Imekubali?"

Bi Kindi akawahi kujibu. "Karibu, mzee. Bwana Fisi ameniongoza hatua kwa hatua. Kila kilichozidishwa kwenye chungu hiki, yeye ndiye aliyekiagiza. Namwomba akimalize chote mbele yenu, asibakize hata punje, kisha nigeuze sufuria kubwa iwe kama hiki."

Wageni wakapiga makofi. "Kula, bwana! Kula!"

Fisi akatazama chungu. Chungu kikamtazama. Akisema ni kibaya, kasoro ni zake. Akisema ni kizuri, lazima ale! Jasho likamtoka mpaka mkiani.

"Mimi... mimi nime... nimeshiba."

Ati nini? Tangu dunia iumbwe, nani aliwahi kumsikia fisi akisema ameshiba?

"Fisi ameshiba?" Mzee Nyumbu akapiga kelele. "Pilau hii haina mfano! Pakua vile vile ilivyo, usiongeze kitu!"

Fisi mbio mtoni, chopi chopi chopi! Glu! Glu! Glu! Bi Kindi akapakua sufuria kubwa. Wageni wakala wakalamba vidole, na kabla hawajanawa, watatu walikwisha kumwomba awapikie harusi zao.

Hadithi imeiva, imepakuliwa, imeliwa. Ubichi ni wangu, utamu ni wenu.

Fundisho, wanangu: anayekukosoa kazini anakupenda. Usinune, usimjibu. Msikilize kwa moyo mweupe, kama ninavyofanya mimi, ambaye hadithi zangu napenda sana zikosolewe.

Nani huyo amesema ilikuwa ndefu? Simama! Toka nje!