Blanketi la Kumuaga Bi Kindi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na serikali yao na mihuri yao, na dhuluma zao vilevile. Uwanjani palikuwa na jiwe la Katiba, limeandikwa: DUME NA JIKE NI SAWA. Kila sikukuu Mfalme Simba alilisoma kwa sauti, wanyama wakapiga makofi.

Bi Kindi alikuwa mlinzi wa moto. Akiona moshi tu, pwii! pwii! wote wanakimbia. Kwa kazi hiyo alipewa mti wa serikali, akaishi humo na wanawe wanne.

Asubuhi moja Kiboko, bosi wa watumishi wote, akamwita.

"Kindi, umestaafu. Kesho unaagwa, keshokutwa unahama mti."

"He! Nimekosa nini, bosi?"

"Hujakosa. Nimetunga sheria mpya. Majike mwisho miaka kumi kazini, madume mpaka wachoke wenyewe."

"Jamani! Sijachoka! Bado nina nguvu! Nina watoto!"

"Wapishe wengine," akasema Kiboko, akagonga muhuri, pwa!

Mimi mwenyewe nikisimulia nashikwa na butwaa. Jiwe lile Kiboko alilipita kila siku akienda kazini!

Sasa, desturi ya huko ilikuwa hivi: mtumishi akishajifunika blanketi la kuagwa mbele ya Mfalme, kazi imekwisha, hata alie machozi ya damu.

Siku ya sherehe likaletwa blanketi. Salaale! Kubwa kama hema! Kiboko ndiye aliyeliagiza, tena kwa kipimo cha mgongo wake, maana alijua Kindi hataweza kulibeba na litabaki kwake. Bi Kindi akalitazama, akamtazama bosi, akaelewa. Akafuta machozi upesi.

"Bosi wangu," akasema taratibu, "mimi na kamwili haka nitapotelea humo. Wewe ndiye lingekukaa! Hebu jaribu tukuone."

"Mimi?" Kiboko akachekelea, masikio yakimcheza. "Basi, kidogo tu."

Fwaa! Likamfunika mgongo mzima.

"Ameagwaaa!" Bi Kindi akapiga kigelegele. "Mheshimiwa Mfalme, bosi ameagwa!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Kiboko. Simba akabaki kinywa wazi.

"Ha-hapana!" Kiboko akalivuta blanketi alivue. "Sijachoka! Bado nina nguvu! Nina watoto!"

"Wapishe wengine," akasema Bi Kindi.

"Desturi ni desturi," Simba akanguruma. "Kindi hajajifunika, kwa hiyo yumo kazini. Wewe umejifunika. Nenda nyumbani."

"Lo! Yeye abaki, mimi niondoke?" Kiboko akakimbilia jiwe, akaligonga kwa kichwa. "Mnanionea! Katiba inasema dume na jike ni sawa!"

"Kumbe kusoma unajua!" akasema Simba. "Haya, chagua: mbaki nyote, au muondoke nyote."

Kiboko akachagua kubaki, akaichana sheria yake kwa meno yake mwenyewe, mbele ya kadamnasi. Bi Kindi akarudi mtini mwake, na lile blanketi wanawe wakalilalia msimu mzima wa baridi.

Basi wanangu, sheria unayotaka kumvisha mwenzako, ivae kwanza wewe.