Starta Iliyokataa Kuzunguka

Sogeeni mbele kidogo nyinyi mlio mlangoni, huku hakuna jua. Na mama zetu nyuma ya pazia, sauti isipofika semeni. Leo nina mfano. Mtu nitakayesimulia habari zake sitamtaja jina, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kumtafuta mtaani. Mtafuteni karibu zaidi.

Palikuwa na nahodha mmoja mwenye boti ya matanga, zile ndefu nyeupe ambazo wageni huzipenda, zenye injini ya dizeli tumboni, chini ya ngazi ya kushukia chumbani. Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii. Matanga yalikuwa ya kupigia picha, injini ilikuwa ya kurudia nyumbani. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, swala ya jamaa haimpiti. Na alikuwa na binti aliyemwoza kwa kijana mmoja wa kisiwa cha pili.

Binti huyu alirudi nyumbani kwa baba yake na begi lake. Mara ya kwanza baba akamwambia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, vumilia, akamrudisha. Mara ya pili akamwambia hayohayo kwa sauti kubwa kidogo, akamrudisha. Sasa amekuja mara ya tatu, na safari hii hata kulia halii. Amekaa barazani na begi lake miguuni.

Baba akamkalia mbele. "Mumeo anakulisha?"

"Ananilisha, baba."

"Anakuvisha?"

"Ananivisha."

"Nyumba ina paa, haivuji?"

"Haivuji."

"Basi tatizo ni wewe."

"Sirudi, baba."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Mama yake akasema kutoka jikoni, "Mwulize basi." Mzee akajibu, "Nimeshamwuliza, hujasikia?" Na kweli alikuwa ameuliza. Jamani, si ameuliza? Chakula kipo, nguo zipo, paa lipo. Tungekuwa sisi tungeuliza nini zaidi ya hapo?

Asubuhi yake akaamua kumpeleka mwenyewe kwa boti yake. Feri ipo, lakini kwenye feri kuna watu, na watu wana macho na midomo. Alikuwa anaona haya. Nalisema waziwazi kwa sababu haya hii naijua na nyinyi mnaijua: binti kurudi nyumbani mara tatu, wenye kahawa yao kibarazani wanaanza kukohoa ukipita. Akataka amfikishe kimyakimya, amkabidhi kwa mumewe, arudi, yaishe.

Wakapanda, binti akitii amri tu. Binti akakaa nyuma karibu na usukani, begi mapajani. Pale gatini upepo ulikuwa unakuja usoni, na mlango wa kutokea kati ya miamba ni mwembamba, kwa tanga peke yake hutoki. Lazima injini. Nahodha akabonyeza swichi.

Injini ikazunguka, lakini haikuwaka. Akabonyeza tena, ikazunguka, haikuwaka. Akaishikilia swichi kwa kidole mpaka kidole kikachoka, akapumzika, akarudia. Akaisemesha kwa upole, akaitukana kidogo, akaomba msamaha kwa Mola wake kwa kutukana, akabonyeza tena. Mnacheka. Nani hapa hajawahi kuipiga kofi rimoti ya televisheni? Kwenye safu hii ya mbele yupo mtu ambaye pikipiki yake ina alama za teke, na sitamtaja.

Akaendelea hivyo muda mrefu. Halafu ghafla, starta, ile mota ndogo inayoizungusha injini ili iwake, ikagonga mara moja, ko, ikanyamaza. Akibonyeza, ko. Injini haisogei hata kidogo.

Nahodha hakuwa mjinga. Akaanza kutafuta ubaya ulipo kama mtu anayejua chombo chake. Akawasha taa za chumbani, zikawaka vizuri, basi betri ni nzima. Akalegeza vichwa vya waya, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, akavikaza. Waya ni nzima. Akaigonga starta taratibu kwa mpini wa nyundo, maana huwa inakwama. Ko. Akachukua bisibisi akaunganisha nati mbili za starta moja kwa moja, cheche zikaruka, harufu ya moto ikajaa chumbani. Ko.

Akajifuta jasho akasema peke yake, "Betri nzima. Waya nzima. Basi mbovu ni starta."

Mmelisikia hilo? Lirudieni moyoni, kwa sababu jana yake alilisema barazani kwa maneno mengine.

Binti akasema kutoka juu, "Baba, labda leo tuache."

"Tutaondoka. Hii imekuwa kaidi tu."

Akapanda gatini akaenda kwa binamu yake aliyekuwa na injini ya aina ileile ameifungua nyumbani, na starta yake ilikuwa mpya, ya nguvu zaidi, ile yenye gia ndani. Akaiazima. Akaazima na betri ya pili, akaifunga sambamba na ile ya kwanza ili umeme uwe wa kutosha. Akaifungua starta ya zamani, akaitupa pembeni juu ya matambara, akafunga ile mpya. Alikaza bolti zake vizuri, kazi yake ilikuwa safi. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Safari hii ilizunguka. Ilizunguka kama nusu mzunguko, halafu likasikika pigo ndani ya chuma, zito, mpaka binti juu akashika ubao alioukalia. Baada ya hapo kimya kabisa.

Ikabidi aitwe fundi. Fundi akaja baada ya adhuhuri, akashuka ngazi, na kabla hajashika spana akauliza swali moja.

"Kabla ya kubadilisha starta, uliizungusha injini kwa mkono?"

"Sikuizungusha. Kwa nini niizungushe, na mbovu ni starta?"

Fundi hakubishana. Akafungua zile pua zinazopuliza dizeli juu ya injini, akaweka ndoo, akaitia spana kwenye nati ya mbele akaisukuma polepole. Maji yakaruka kutoka ndani ya injini, maji ya bahari, meusi kwa masizi, yakamwagikia kwenye ndoo. Nahodha akayaangalia kama mtu aliyeona maji kwa mara ya kwanza.

"Haya yameingiaje humu?"

Fundi akamweleza, na mimi nawaeleza kama alivyosema. Injini ya boti kama hii hupozwa kwa maji ya bahari. Inayavuta, inayazungusha, halafu moshi wake ndio unaoyasukuma nje kupitia bomba la nyuma. Isipowaka hakuna moshi. Lakini kila ukiizungusha kwa starta, inaendelea kuvuta maji. Yanajaa kwenye bomba, hayana wa kuyatoa, yakizidi yanarudi ndani ya injini yenyewe. Na pistoni inaweza kukandamiza hewa, maji haiwezi.

"Kwa hiyo starta yako ya kwanza haikuwa mbovu," fundi akasema. "Ilikutana na maji ikashindwa kusogea. Ingeachwa hapo, tungetoa maji leo na ungeondoka kesho. Hii kubwa uliyoileta ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kulazimisha. Ule mkono unaoshika pistoni umepinda."

"Na mwanzoni ilikuwa haiwaki kwa nini?"

"Hewa imeingia kwenye mpira wa dizeli. Nati moja tu ya kulegeza hewa itoke, kisha kukaza."

Nahodha akakaa kwenye ngazi. Akauliza tena, taratibu, kama anayeogopa jibu. "Maji haya aliyeyaingiza ni nani?"

"Ni wewe, mzee. Kila ulipobonyeza ukidhani unaiamsha, ulikuwa unaijaza."

Ndugu zangu, nimewahi kufikiria sana uso wa mtu huyu pale kwenye ngazi. Mbele yake kuna ndoo ya maji meusi. Pembeni kuna starta nzima aliyoitupa kwenye matambara. Na juu ya kichwa chake, kwenye mwanga, miguu ya binti yake na begi.

Akapanda juu. Hakukaa mbele yake kama alivyokaa barazani, alikaa ubavuni mwake, wote wawili wakiangalia gati. Akasema, "Mwanangu, huko kwa mumeo kuna nini?"

Binti akaliteremsha begi kutoka mapajani. Kisha akasema, "Baba, ungeniuliza hivyo mara ya kwanza, ningekujibu kwa neno moja. Sasa yamekuwa mengi. Sijui nianzie wapi."

"Anzia popote. Safari haipo."

Akaanza. Alichosema binti sisi hakituhusu, ni chake na baba yake. Fundi alikuwa bado yuko chini na kazi yake, na anasema alijitahidi kugongagonga vyuma ili asisikie, na mara kadhaa alimsikia mzee akilia. Jioni walirudi nyumbani wote wawili kwa miguu, kupitia palepale kwenye baraza la kahawa, mzee amebeba begi.

Sasa tuzungumze sisi, na nianze na nyinyi wenzangu wenye mvi. Kwetu binti akirudi tunakagua. Chakula kipo? Nguo zipo? Kama betri na waya vile. Vikiwa vizima tunasema kaidi ni yeye, na tunaita watu: mjomba mkali, shangazi wa maneno, ikibidi tunamwita na imamu. Ndiyo, mimi pia nimeitwa, nikaenda kutumika kama starta kubwa. Tunakusanyika watu wazima sebuleni kumsukuma mtoto mmoja, na tukifanikiwa tunashukuru kwamba amezunguka.

Nani kati yetu alimshika kwa mkono kwanza? Nani alimsogeza polepole, peke yake, bila mashahidi, aone kinachomzuia? Na si mabinti peke yao. Kuna mke aliyekuwa akisema na sasa hasemi. Kuna kijana aliyekuwa akigoma kwenda chuoni kwa makelele na sasa anagoma kimya. Wewe unasema amepoa, kumbe amejaa. Na huenda aliyemjaza ni wewe, kwa kila "vumilia" uliyombonyezea ukidhani unamsaidia.

Subira ni ibada, sisemi vinginevyo, nisinukuliwe vibaya huko nje. Lakini subira ni ya mtu kuichagua akiwa amesikilizwa. Ukimpa mwenzio subira badala ya sikio, umemfungia tu maji ndani.

Yule nahodha Mwenyezi Mungu alimhurumia. Alimtangulizia chuma. Chuma kikapinda mbele ya macho yake, akasikia pigo kwa masikio yake, na mtoto alikuwa bado mzima amekaa juu na begi. Sisi wengi tuliomo humu hatuna boti. Hakuna chuma kitakachotangulia kupinda kwa ajili ya watoto wetu. Pigo la kwanza tutakalolisikia litakuwa la kwao.