Gari la Bi Pimbi Lilivyorudi Kung'aa

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni iingie!

Ina matope miguuni!

— Iingie hivyohivyo, tutapangusa!

Haya. Hapo kale, si kale sana, maana magari yalikuwa yameshafika, palikuwa na Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mkia hana, makazi yake mawemawe. Huyu alikuwa mjane, akikaa chini ya jabali, na alikuwa na gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Gari dogo, jekundu, la milango minne. Nchi nzima ile halikuwepo jingine. Aliyeugua alipelekwa hospitali na Bi Pimbi. Aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa alipelekwa na Bi Pimbi. Akiendesha, hukalia gunia la maharage ili aone mbele.

Lakini jua likachoma, mvua ikanyesha, vumbi likaganda. Rangi ikapauka. Wekundu wote ukapotea, gari likawa kama limepakwa majivu. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga.

Sasa, huko mtoni alikaa Kiboko. Mnene, shingo haionekani, mdomo kama mlango wa ghala. Alichokiona alikitaka. Siku moja alisimama kivukoni, wanyama wote wakisikia, akatangaza:

"Kinachong'aa ni cha mwenyewe! Kisichong'aa ni chuma chakavu! Na chuma chakavu ni changu!"

Nani atambishia? Akachukua baiskeli ya Ngiri. Akachukua sufuria la Nungunungu. Akachukua jembe la Kobe, jembe linaloshinda udongoni kutwa, litang'aa saa ngapi? Vyote akavirundika ukingoni mwa mto. Wala havitumii. Anavikalia tu.

Kisha akapita penye jabali.

"Bi Pimbi, gari lako limepauka."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Kesho nakuja na kamba."

Akaenda zake, du, du, du.

Jirani yake Bi Pimbi, Digidigi, alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Aliposikia maneno yale akaanza kulia. "Dada, hospitali iko nyuma ya kilima. Na tumbo hili nitafikaje?"

"Utafika kwa gari," alisema Bi Pimbi.

"Gari lipi tena?"

Bi Pimbi akaenda kutafuta ndoo.

Kulipokucha alilisogeza gari kivulini mwa jabali, maana bodi ikipata moto dawa ya kung'arishia hukauka kabla haijafanya kazi. Akaleta ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, moja ya maji matupu. Shwaa! Akaosha kuanzia paa akishuka chini, kila mara akisuuza kitambaa, maana marehemu alimfundisha kwamba mchanga ukibaki kitambaani unaikwaruza rangi. Digidigi akawa anakamua vitambaa, amekaa kwenye kigoda kwa taabu. Gari likakauka. Bi Pimbi akafungua kopo la dawa ya kusugulia rangi, akachovya fulana kuukuu ya pamba, akaanza pembeni mwa mlango. Sugu-sugu-sugu! Mkono ukauma. Akabadili. Sugu-sugu-sugu! Na huo ukauma. Akapangusa, akatazama.

Lo! Palikuwa pamezuka doa jekundu, ukubwa wake kama jani la mchicha. Jekundu kama pilipili mbivu! Akapiga kigelegele. Halafu akalitazama gari lote lililobaki, kigelegele kikamfia kooni.

Du! Du! Du! Kiboko huyo, kamba begani.

"Haya, nimekuja." Mara akaliona lile doa. Akainama. Akalinusa. "Kumbe humu ndani mna rangi?"

Bi Pimbi alimwona macho yanavyomtoka. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole.

"Imo, bwana mkubwa. Imelala tu. Lichukue gari lako, mimi na udogo huu nitakuzuia vipi? Ila naona haya. Bwana mkubwa kama wewe upite kivukoni na gari lililopauka? Watasema umeokota takataka."

Kiboko akakunja uso. "Basi lisugue liwe jekundu lote, ndipo nilichukue."

"Nikilisugua mimi, bwana, mvua zitakuja ziondoke, na zije tena. Tazama mkono wangu huu. Sasa utazame wako."

Kiboko akautazama mkono wake. Akaugeuza huku na huku. Ukampendeza.

"Lete hicho kitambaa," alisema.

Akaanza. SUGU! SUGU! SUGU! Gari likayumba, vioo vikalia kri-kri-kri.

"Taratibu, bwana mkubwa! Utaichubua! Fanya duara ndogondogo, polepole, kama unampaka mtoto mafuta."

"Mimi sijawahi kumpaka mtoto mafuta."

"Basi leo unajifunza."

Sugu-sugu-sugu. Duara, duara, duara. Mlango ukaiva.

"Nilichukue sasa?"

"Asante kwa mlango, bwana mkubwa. Bado boneti."

Sugu-sugu-sugu. Jasho tiri-tiri-tiri. Boneti ikaiva.

"Nilichukue sasa?"

"Asante kwa boneti, bwana mkubwa. Bado paa."

Sugu-sugu-sugu. Paa likaiva.

"Nilichukue sasa?"

"Asante kwa paa. Bado buti, bwana mkubwa, na ubavu wa pili."

Habari zikaenea kwamba Kiboko anafanya kazi. Nani angekubali kuhadithiwa? Ngiri akaja. Nungunungu akaja. Kobe alianza safari mapema, naye akafika. Wakasimama pembeni, vinywa wazi.

Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe, akielekeza. Zile asante alizianza kwa hila tu, za kumlainisha mnyang'anyi. Lakini alipomwona Kiboko ametoa ulimi pembeni kama mwanafunzi anayeandika, mkono ule mzito ukizunguka kwa upole pale marehemu alipokuwa akipapangusa kila Ijumaa, alisahau kuelekeza. Asante iliyofuata ilikuwa ya kweli, na yeye mwenyewe ikamshangaza.

Mwisho akaleta nta. "Paka nyembamba, bwana, gari zima. Ikifanya ukungu kama pumzi kwenye kioo, unaifuta."

Kiboko akapaka. Halafu mkono ukasimama. Akakuna sikio.

"Bi Pimbi."

"Bwana mkubwa."

"Hili gari likishang'aa lote… si nilisema kwamba kinachong'aa…"

Bi Pimbi akaruka kutoka jiweni. Digidigi akafumba macho.

"Nta, bwana! Nta inakauka! Futa upesi, itaganda!"

"Wapi? Wapi?"

"Hapo! Na hapo! Na huku!"

Fyu-fyu-fyu! Kiboko akafuta mbio, akasahau alichokuwa akikifikiria. Nta ilipotoka, gari likawaka. Mawingu yalionekana yanapita kwenye boneti. Kobe alijiona mlangoni, akajisalimia.

Kiboko akatupa kitambaa, akashika kamba. "Sasa nalichukua!"

Bi Pimbi akapanda juu ya gunia lake la maharage. "Jamani, hili gari linang'aa?"

"Linang'aa!"

"Na kinachong'aa ni cha nani?"

"Cha mwenyewe!" waliitikia wote. "Bwana Kiboko alisema, pale kivukoni, kwa mdomo wake!"

Kiboko akaufungua mdomo huohuo ili angurume. Lakini Bi Pimbi alikuwa ameshashuka na kupiga magoti mbele yake.

"Asante, bwana mkubwa. Gari lilikuwa linakwenda kuwa lako. Umelisugua kwa mkono wako mpaka limekuwa langu. Mume wangu angekuwa hai angekushukuru kuliko mimi."

"Asante, Bwana Kiboko!" alisema Nungunungu.

"Asante sana!" alisema Ngiri.

"Ahsante," alisema Kobe, baadaye kidogo.

Vigelegele vikapigwa. Kiboko akabaki ameachama. Maishani mwake alikuwa ameogopwa, amekimbiwa, amelaaniwa nyuma ya mgongo. Kushukuriwa hakujui. Atafanyaje? Atamng'ata anayemshukuru?

Papo hapo Digidigi akashika kiuno. "Uuwi! Dada! Uchungu!"

Wakampakia. Nge-nge-nge… ngrrrr! Gari likawaka. Kiboko alikuwa amesimama katikati ya njia, kamba mkononi.

"Bwana mkubwa," Bi Pimbi alisema dirishani, "tupishe, tafadhali."

Kiboko akamtazama Digidigi anavyohema. Akasogea. Tena akalisukuma jiwe lililokuwa njiani.

Kesho yake gari likarudi, vumbi tupu. Digidigi alikuwa kiti cha nyuma, na kifuani amempakata mtoto wa kiume, mdogo, miguu kama njiti za kiberiti.

"Mmempa jina gani?" aliuliza Ngiri.

"Kiboko," alisema Digidigi.

"Kiboko! Huyu?"

"Bila yule hatungefika. Mwanangu angezaliwa njiani."

Habari zilifika mtoni kabla ya jua kuwa kali. Kiboko mkubwa akaja, safari hii bila kamba. Akainamia kile kitoto, pua yake pekee ilikuwa kubwa kuliko mtoto na mama yake.

"Ndiye mimi huyu?" aliuliza.

"Ndiye wewe, bwana mkubwa," alisema Bi Pimbi.

Machozi yakamtoka, tiri-tiri-tiri, akasingizia vumbi. Kisha akaligeukia gari, akakasirika kwelikweli.

"Nani amelichafua hivi? Jana nimelisugua kutwa nzima! Leteni ndoo! Zote mbili!"

Na alipokuwa anaosha, Ngiri, Nungunungu na Kobe walinyata wakaenda ukingoni kuchukua vyao. Aliwaona. Akajifanya anasugua taa.

Hadithi imeshasuguliwa, aliyeona doa alifute mwenyewe! Na funzo lake mnalishika? Hila ni mbaya, watoto wangu. Ukipatwa na shida, mweleze mwenye nguvu ukweli wote tangu mwanzo, usimfiche hata neno moja, naye atakusaidia kwa moyo mweupe. Bi Pimbi si ndivyo alivyofanya?

Mnacheka nini?